Picha ya mama yako huenda si mali yako

GAHANNA, OHIO

KIJANA mmoja wa hapa Columbus alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaniambia ametengeneza kazi ya sanaa anayotaka kuipeleka kwenye maonyesho. Ni ubao mkubwa. Amebandika vipande vya kanga, kurasa za magazeti ya zamani, udongo mwekundu na rangi, na katikati ameweka picha ya akina mama waliopanga foleni ya maji katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Picha hiyo ameitoa kwenye intaneti, akaikuza na kuichapisha dukani.

"Mzee, wenye maonyesho wameniletea fomu," akasema. "Wanauliza kama nina ruhusa ya kila kitu nilichotumia. Sasa huyu wa tatu kwenye foleni ni mama yangu mzazi. Ruhusa ya picha ya mama yangu nimwombe nani?"

Nilinyamaza kidogo, maana jibu nililokuwa nalo halikuwa tamu. Kwa sheria za Marekani, hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, au ya shirika lililomwajiri kuipiga. Si ya aliyepigwa. Mama yule alisimama juani na ndoo yake, mtu akapita na kamera, akabonyeza, akaenda zake. Miaka ikapita, mama akaja Marekani na wanawe. Leo mwanawe akitaka kuitumia sura ya mama yake kusimulia walikotoka, inambidi amtafute yule mpita njia amwombe ruhusa.

"Huo ni uonevu," kijana akasema.

Nilimwambia namwelewa. Hata hivyo nilimwambia asiipeleke kazi ile mpaka aombe ruhusa, tena aiombe mara mbili. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, ndugu msomaji. Ukitaka kutumia kitu cha mwingine katika sanaa yako, mwombe mwenye picha kwa sababu sheria inataka hivyo, kisha mwombe mwenye sura kwa sababu utu unataka hivyo, hata pale sheria inaponyamaza. Na sisi tunaopigwa picha kila siku tujifunze nasi kuombwa.

Suala hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Wengi wetu tulio hapa Columbus, kule Louisville na kule Buffalo tumepitia kambini: Nyarugusu, Kakuma, Dadaab. Sura zetu zimejaa kwenye ripoti, kalenda, mabango ya michango na tovuti za dunia nzima. Lakini nenda nyumbani kwa mtu aliyeishi kambini miaka kumi na tano, umwombe albamu. Huenda akakuonyesha picha nne. Watoto wetu waliokulia hapa wanapoanza kutengeneza sanaa juu ya maisha ya wazazi wao, hawana pa kuchota ila kwenye picha za watu wengine. Ndiyo maana swali la yule kijana litaulizwa tena na tena.

Wapo wanaodhani hakimiliki ni mambo ya wanamuziki peke yao. Tuchukue mfano ambao kila mwana wa Afrika Mashariki anaukumbuka. Mwaka 2008, Barack Obama alipokuwa akigombea urais, msanii Shepard Fairey alitengeneza bango la sura yake kwa rangi nyekundu, rangi ya maziwa na buluu, na chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya matumaini. Bango lile lilienea hadi vijijini kwetu. Nakala moja aliyoitengeneza kwa kuchanganya karatasi za kubandika na rangi ilichukuliwa mwaka 2009 na jumba la taifa la picha za watu mashuhuri kule Washington.

Lakini sura ile hakuichora kutoka kichwani. Aliitoa kwenye picha iliyopigwa mwaka 2006 na Mannie Garcia, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la habari la Associated Press. Shirika likadai haki yake. Fairey naye akaenda mahakamani mwaka 2009 akitaka itamkwe kwamba aliitumia kihalali, na Garcia mwenyewe akajitokeza akidai kuwa picha ni yake, si ya shirika. Wakavutana, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano Januari 2011 kabla jaji hajatoa uamuzi. Kibaya zaidi ni kwamba katikati ya kesi ilibainika Fairey alidanganya kuhusu ni picha ipi aliyotumia, akafuta na kughushi ushahidi. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 25,000. Barua moja ya kuomba ruhusa mwanzoni ingemwepusha na mengi.

Wapo watakaosema, "Huyo ni mtu mkubwa. Mimi nabandika vipande vyangu sebuleni, nani atanishitaki?" Ni kweli, kazi iliyotundikwa sebuleni haimsumbui mtu. Shida huanza pale kazi inapotoka nje: inaponing'inizwa kwenye maonyesho, inapowekwa kwenye mtandao, inapochapishwa kwenye fulana na kadi za kuuza. Hapo ndipo fomu inapokuja, na anayeitia saini ni wewe, si mwenye ukumbi. Sheria ya Marekani inaruhusu mahakama kumtoza mvunja hakimiliki fidia ya kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kila kazi aliyoitumia, iwapo kazi hiyo ilisajiliwa mapema. Ikionekana alifanya kwa makusudi, fidia inaweza kufika dola 150,000. Tena tangu mwaka 2022 kuna baraza dogo la madai ya hakimiliki, ambako mtu anaweza kudai hadi dola 30,000 bila hata kuweka wakili. Kwa hiyo ule usemi wa "hawawezi kuhangaika na mtu mdogo kama mimi" umepungua nguvu.

Wengine watasema sheria inaruhusu matumizi ya haki. Ni kweli pia, na ni jambo jema. Mahakama huangalia mambo manne: umeitumia kwa madhumuni gani, kazi uliyoichukua ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko lake kwa kiasi gani. Lakini matumizi ya haki ni utetezi unaoutoa ukiwa tayari umeshitakiwa, na wakili wa kuutoa ana bei yake. Tena majaji wenyewe hawakubaliani.

Ndugu zetu wa Buffalo watapenda mfano huu. Msanii Jeff Koons alitengeneza mchoro mkubwa uitwao Niagara, wenye miguu ya wanawake ikining'inia juu ya vyakula vitamu, na nyuma yake yakionekana maporomoko yale yale mnayopeleka wageni wenu. Jozi moja ya miguu aliikata kwenye picha ya gazeti la mitindo iliyopigwa na Andrea Blanch. Mama huyo akamshitaki. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya New York ilimpa Koons ushindi, ikasema ameibadilisha picha ikawa na maana nyingine. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1992, ilimtia hatiani Koons huyo huyo kwa kugeuza picha ya mpiga picha Art Rogers kuwa sanamu. Msanii yule yule, mahakama ile ile, majibu mawili.

Kisha ikaja kesi ya Andy Warhol. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 gazeti la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili Warhol aitumie picha hiyo mara moja tu kutengeneza mchoro wa kuchapisha. Warhol hakuishia kwenye mmoja, akatengeneza michoro kadhaa. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni inayomiliki gazeti hilo ililipa taasisi ya Warhol dola 10,250 kwa mchoro mwingine wa mfululizo ule, na Goldsmith hakupata hata senti, wala jina lake halikuandikwa. Mei 18, 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilisema matumizi hayo ya mwaka 2016 hayakuwa na kinga, kwa sababu mchoro uliuzwa kwa kazi ile ile ambayo picha ya Goldsmith ingeweza kuifanya, yaani kupamba habari ya Prince kwenye gazeti. Mahakama haikusema kwamba michoro yote ya Warhol ni haramu. Ilitazama matumizi yale tu. Somo kwetu ni kwamba kubadili rangi na kuongeza mistari peke yake hakutoshi, na kazi inayoweza kupita salama kwenye ukuta wa maonyesho inaweza kukuponza ukiigeuza kalenda ya kuuza.

Sisi wa Ohio na wenzetu wa Kentucky tuko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, ile inayokaa Cincinnati. Mahakama hiyo ina sifa ya ukali katika jambo moja. Mwaka 2005, katika kesi ya kampuni ya Bridgeport Music, ilisema kwamba kukata hata sekunde mbili za sauti iliyorekodiwa na mtu mwingine kunahitaji leseni. Mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi ilikataa msimamo huo mwaka 2016, lakini hiyo ni huko California. Basi wewe kijana wa Louisville unayetengeneza video ya sanaa na kuweka nyuma yake kipande kifupi cha rumba la Kongo au taarabu, usijifariji kwamba ni sekunde chache tu.

Tuje kwenye kanga na vitenge, maana nadhani hakuna msanii wetu hapa asiyevibandika. Mambo matatu tuyatenganishe. La kwanza ni jina la kanga, yaani yale maneno. Methali na semi fupi hazina hakimiliki hapa Marekani, tumia utakavyo. La pili ni mchoro wa pindo na mji. Huo ni kazi ya mchoraji na unaweza kuwa na mwenyewe, hasa kama ni wa miaka ya karibuni. La tatu ni kitambaa chenyewe. Ukinunua doti ya kanga ni mali yako, unaweza kuiuza, kuigawa au kuishona. Kukata kipande cha kanga uliyoinunua na kukigandisha kwa gundi kwenye ubao si sawa na kukipiga picha, kukichapisha mara mia na kuuza. Kwa njia ya kwanza umetumia kitu ulichokilipia. Kwa njia ya pili umetengeneza nakala, na haki ya kutengeneza nakala hukuinunua.

Hata hapo majaji wamewahi kutofautiana. Kampuni moja ilikuwa ikinunua vitabu na kadi zenye picha, inakata picha na kuzigandisha kwenye vigae vya kuuza. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya magharibi ikasema ni kosa. Kampuni hiyo ikashitakiwa tena na msanii Annie Lee, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Chicago ikasema si kosa. Mimi naona Chicago ndiyo iliyosema jambo la akili, lakini si mahakama ya Ohio, Kentucky wala New York. Kwa hiyo: bandika kitu halisi, usibandike nakala, na kazi ibaki moja.

Vipo pia vitu ambavyo huhitaji kumwomba mtu. Kazi zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita zimekuwa huru. Ya mwaka 1925, kwa mfano, ni ya kila mtu. Picha iliyopigwa na mtumishi wa serikali kuu ya Marekani akiwa kazini haina hakimiliki humu nchini. Zipo pia picha ambazo wenyewe wametangaza kuwa zinaweza kutumiwa kwa masharti, kama kutaja jina la mpiga picha au kutozitumia kibiashara. Soma masharti hayo kabla ya kushika mkasi. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi aliyejipatia jina kubwa New York kwa kazi za kubandika, ana kazi zake mashuhuri alizozijenga juu ya kurasa za zamani za michoro ya udaktari. Kutumia vitu vya kale hakujamzuia kusema mambo mapya kabisa.

Na usidhani picha iliyopigwa Mwanza au Mombasa haina mwenyewe huku. Marekani iliingia kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1989, Kenya mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kazi ya mpiga picha wa studio ya Ujiji inalindwa Ohio kama ya mpiga picha wa Ohio. Hapa ndipo tunapojifunga wenyewe. Tukisikia kwamba Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939, alikufa maskini mwaka 1962 huku wimbo wake ukitajirisha watu wa mbali, tunakasirika, na tulifurahi familia yake ilipopata makubaliano mwaka 2006. Tukiona michoro ya mafundi wa Tingatinga imenakiliwa kwenye vikombe vya kigeni, tunapiga kelele. Kisha usiku huo huo tunachukua picha ya kijana wa Kigoma, tunafuta jina lake pembeni, na kuiweka kwenye kazi yetu. Huwezi kulilia haki ya Linda na kumnyima ya kwake mpiga picha wa Kigoma.

Kuomba kwenyewe si kazi ngumu. Andika ujumbe mfupi wa kueleweka. Sema wewe ni nani, picha ipi unayoitaka na uliiona wapi, utaiweka kwenye kazi gani na kwa ukubwa gani, kazi itaonyeshwa wapi, kama itauzwa, kama utachapisha nakala, kama itawekwa kwenye mtandao, na jina la mwenyewe litaandikwaje. Uliza kama kuna malipo. Ukijibiwa, hifadhi jibu, hata kama ni ujumbe wa simu, kwa maana ruhusa ya mdomo husahaulika. Ukikataliwa, shukuru na utafute nyingine. Usipojibiwa, kimya si ndiyo. Wengi hukubali, na wengi wa nyumbani wanachotaka ni jina lao tu.

Ruhusa ya pili, ya mwenye sura, sheria inaigusa kwa mbali. New York tangu mwaka 1903 ina sheria inayozuia kutumia sura ya mtu kwenye matangazo na biashara bila idhini yake ya maandishi, na Ohio na Kentucky nazo zina sheria zao za namna hiyo. Lakini sheria hizo zinahusu biashara zaidi kuliko sanaa. Mama aliyepigwa picha akiwa na njaa, mtoto wake mgongoni, hana mahakama ya kukimbilia picha hiyo inapotundikwa kwenye ukumbi mzuri watu wakinywa mvinyo mbele yake. Aliyebaki wa kumlinda ni msanii. Na msanii akiwa ni mwanawe, au mtoto wa jirani yake wa kambini, ana udhuru gani wa kutomuuliza?

Nilimuuliza yule kijana, "Mama umemwambia?" Akacheka. Alitaka iwe zawadi ya ghafla siku ya ufunguzi. Nikamwambia akamwonyeshe kwanza.

Akanipigia baada ya siku chache, sauti imeshuka. Mama aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema siku ile ilikuwa siku mbaya ambayo hataki wageni waione. Halafu akagusa sura za wale wengine kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, akiwataja kwa majina. Akauliza, "Na hawa wenzangu umewauliza?"

Kijana aliing'oa picha ile. Mama akaingia chumbani, akatoa bahasha yenye picha ndogo ya zamani, yeye akiwa msichana amesimama mbele ya nyumba yao, kabla ya vita. Aliipiga mjomba wake kijana, ambaye yuko hai na anaishi Kigoma. Wakampigia simu. Mjomba akakubali, akatuma na ujumbe wa maandishi, akaweka sharti moja tu, kwamba jina lake liandikwe lote matatu, tena bila kukosewa herufi.

Kazi haijaisha, anaendelea kubandika. Fomu ya wenye maonyesho ameshaijaza, na sasa anajua cha kuandika. Nimemshauri akiimaliza aisajili katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Ada ya kusajili kazi moja ya msanii mmoja kwa mtandao ni kama dola 45. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda, ipo siku mtu ataikuta kwenye intaneti na kuipenda. Siku hiyo nataka naye aombwe.